Fimbo Zisizogusa Chini: Ngoma ya Mashindano Ilongero

Wahenga walipotuambia kuwa mcheza kwao hutunzwa, hawakutufafanulia anayemtunza ni nani, wala hutunzwa kwa kipimo gani. Suala hili lilinijia nikiwa nimeketi juu ya benchi la mbao pembezoni mwa uwanja wa Ilongero, kaskazini mwa mji wa Singida, msimu wa mavuno uliopita, nikikitazama kikundi kimoja cha ngoma kikiwania nafasi ya kwenda kucheza mbele ya mkoa. Jina la kikundi nitalistiri. Wenyewe hawakunialika niwahukumu. Nilikuwa mgeni aliyefuata shughuli nyingine akapewa kiti cha mbele kwa heshima, na mwenye kupewa kiti cha mbele hana budi kutazama kwa makini.

Nilitazama, tena nilifurahi. Naitanguliza furaha ili msomaji asije akadhani kuwa yafuatayo ni manung'uniko ya mtu wa visiwani aliyechoshwa na safari ya boti, treni na basi. Wacheza ngoma wale walikuwa 16, wanawake 10 na wanaume 6, wote watu wa jembe, na miili yao ilikuwa imefunzwa na kazi kabla ya kufunzwa na mwalimu yeyote. Hapakuwa na aliyehema mapema, wala aliyepoteza hatua. Ukiwaona namna walivyoingia uwanjani, nyayo zikikanyaga kichanga kwa ukamilifu wa kisigino na vidole, ungesema kuwa hawa wakipewa ngoma yenye haki yao watautikisa mkoa mzima. Kilichonikera ni kile walichochagua kuifanyia miili hiyo.

Masharti ya siku ile yalikuwa haya. Kila kikundi kilipewa dakika 10. Meza ya waamuzi watatu iliwekwa upande wa magharibi, kivulini, na juu yake palikuwa na kengele ya shule na karatasi zenye safu tano: maleba, miondoko, ulinganifu, ubunifu na ujumbe. Hadhira ilizunguka pande tatu zilizobaki. Kwa hiyo kikundi kilipojipanga safu mbili na kuwaelekea waamuzi, wakazi wa Ilongero waliokuja kuwaona ndugu zao walibakia kutazama visogo na mbavu. Sikumwona mtu aliyelishangaa jambo hilo.

Walifungua kwa sindimba. Naam, sindimba, ngoma ya Wamakonde wa kusini, ikichezwa na Wanyaturu katika nchi ya uwele na alizeti, kwa vibwebwe vya nyuzi za mifuko ya sandarusi zilizotiwa rangi. Ngoma hii inadai utengano wa viungo: magoti yamekunjwa, kifua kimetulia kana kwamba kimebeba maji, na kiuno pekee ndicho chenye ruhusa ya kusema. Wacheza wetu walikuwa wakitikisa bega pamoja na nyonga, mwili mzima ukienda upande mmoja na kurudi upande wa pili kama mlango uliolegea bawaba. Ulinganifu wao ulikuwa kamili, wala katika hilo sina la kuwatia dosari. Kosa walilolikosa walilikosa wote 16 kwa wakati mmoja. Ngoma nazo zilikuwa tatu. Katika sindimba niliyopata kuiona kwa wenyewe, ndogo huuliza na kubwa hujibu, na wacheza huyaingilia mazungumzo hayo wakayakatiza wapendapo. Hapa zote tatu zilisema neno moja, kwa nguvu moja, tangu mwanzo hadi mwisho, na nyuso zilivaa tabasamu moja lililofundishwa. Nilipogeuka kuitazama hadhira, vijana wa upande wa kusini walikuwa wamekwisha kuhamia kwa muuza miwa.

Ya pili ilikuwa muheme ya Wagogo, na hapa mambo yalikuwa na nafuu. Wagogo ni jirani. Wengine wao wamo katika mkoa huohuo wa Singida, upande wa Manyoni, na jirani humwiga jirani kwa haki zaidi kuliko amwigavyo mtu wa mwisho wa nchi. Wanawake walibana ngoma katikati ya mapaja kama ipasavyo, na kuna mmoja, mwembamba mwenye kilemba cheupe, ambaye mikono yake ilikuwa na wepesi ambao sitausahau upesi. Lakini walipoimba, sauti zao zilikuwa zimepangwa kwa mtindo wa kwaya ya kanisani: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja katika chumba chake na mlango umefungwa. Uimbaji wa Wagogo ni mojawapo ya hazina kubwa za sauti nyingi katika Afrika ya Mashariki, na uzuri wake umo katika kuingiliana, sauti moja ikianza kabla nyingine haijamaliza, kama mifugo inayorudi nyumbani kwa njia kadhaa. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliizungusha sauti hiyo dunia nzima bila kuinyoosha. Sikuelewa kwa nini inyooshwe Ilongero, mwendo wa saa chache tu kutoka kwa wenyewe.

Kisha wakaleta turubai.

Wanawake sita walilitandaza katikati ya uwanja, wakashika fimbo ndefu, wakasimama safu mbili wakielekeana, na kwa mara ya kwanza tangu waingie wakawapa waamuzi ubavu. Wimbo ulikuwa wa Kinyaturu, wa kupura uwele. Jirani yangu wa bencini alinifasiria kwa ufupi kuwa unamsema mwanamume ambaye siku ya kupura huumwa mkono, na siku ya kula akapona. Safu ya kwanza ilishusha fimbo wakati ya pili ikiinua, na sauti ya mwimbishaji ikapita katikati ya mapigo hayo, haikulifuata hili wala lile, kama mtu anayevuka njia yenye magari bila kukimbia. Mabega yaliyokuwa yakiyumba ovyo katika sindimba sasa yalijua kazi yake. Hakuna aliyetabasamu, maana mwenye kupura hatabasamu. Alimkodolea macho mwenziwe wa upande wa pili asije akampiga. Kina mama waliokaa chini upande wa mashariki walianza kuitikia kabla ya kuombwa. Vijana walirudi kutoka kwa muuza miwa, wengine na miwa yao mdomoni.

Na hapo ndipo ilipo dosari iliyonifanya niandike. Fimbo zile zilishushwa kwa nguvu zote, kisha zikasimamishwa shibiri moja juu ya turubai. Hazikugusa chini. Hapakuwa na suke hata moja la uwele, na kishindo ambacho kingepaswa kutoka ardhini kiliazimwa kwa ngoma kubwa iliyopigwa pembeni na kijana ambaye hakuwa akiziangalia fimbo. Kwa hiyo macho yalipokea pigo mapema na masikio yakalipokea limechelewa kidogo, na kila mara wimbo ulipokaribia kuruka ulivutwa mguu. Baadaye niliambiwa kuwa turubai lilikuwa la kuazima na mwenyewe alikwisha kuwaonya wasilitoboe. Mara moja tu, kuelekea mwishoni, fimbo ya mwanamke wa pembeni ilipotoka njia ikapiga ardhi kavu nje ya turubai. Kishindo kile kimoja kiliusimamisha wimbo wote wima. Mwimbishaji alipandisha sauti bila kujijua, kina mama wakapiga vigelegele. Maskini mwenye fimbo aliinamisha uso kwa haya, akatupa jicho mezani, na kweli mwamuzi mmoja alikuwa akiandika jambo. Punde kengele ikalia. Walikuwa wamevuka muda kwa dakika moja.

Ama kuhusu mashindano yenyewe, sisi hatuna haki ya kujifanya hatuyajui. Mwambao huu ndio uliozaa beni, na kufikia Vita Vikuu vya Kwanza miji kadhaa ilikuwa imegawanyika Marini na Arinoti, watu wakishindana kwa magwaride, sare na karamu, wengine hadi kufilisika. Terence Ranger alikwisha kuliandikia jambo hilo kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975. Vyama vya lelemama vilishindana kwa mavazi na kwa maneno, na kibati cha Pemba hadi leo hakina ladha pasipo majibizano. Lakini katika mashindano hayo hapakuwa na meza wala kengele. Kwa Wasukuma, ambao si mbali na Singida, Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila upande na manju wake na dawa zake, na hadhira huenda inakovutwa. Mshindi ni aliyejaza watu. Kwa kanuni hiyo muuza miwa wa Ilongero angetosha kuwa mwamuzi, na hesabu yake ingekuwa tofauti na ile iliyosomwa jioni.

Sidai kuwa meza na kengele lazima ziue ngoma. Nina jirani kijana hapa Unguja ambaye hukesha akitazama katika simu yake mashindano ya bhangra ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, naye amenifanya niyatazame mengi kuliko nilivyokusudia. Bhangra ni ngoma ya wakulima wa Punjab, wanaume wakizunguka mpiga dhol wakati wa mavuno ya ngano, mwezi wa Aprili. Baada ya mgawanyiko wa India mwaka 1947 ilipandishwa jukwaani, na katika miaka ya 1950 ikapelekwa mpaka Delhi kwenye sherehe za Siku ya Jamhuri. Humo njiani ilikusanya ndani yake miondoko ya ngoma nyingine za huko, jhummar, luddi na sammi, hata ikawa ngoma moja yenye vipande. Si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, wengi wao kutoka Punjab, na Kuljit Bhamra, mmoja wa waliouunda muziki wa bhangra wa Uingereza, alizaliwa Nairobi mwaka 1959. Tangu miaka ya 1990 vikundi vya vyuo vikuu vinashindana kwa dakika zilizohesabiwa, kwa safu zinazobadilika kila baada ya sekunde chache, kwa rangi zinazoumiza macho. Duara limekwenda zake, mkulima naye kaenda zake. Nimeona vikundi vyenye ushupavu wa askari na ukavu wa askari vilevile.

Hata hivyo vikundi vizuri miongoni mwao vimekataa kuuza jambo moja, nalo ni uzito. Mchezaji anaporuka hutua, na kutua kwake kunasikika. Ashikapo saap, zile mbao zilizopishana kama makasi yaliyounganishwa, huzifunga zikalia. Hazishiki kwa ajili ya picha. Kijana yule wa jirani, ambaye hajui neno moja la Kipunjabi, huweza kuniambia kwa kufumba macho kundi lipi linacheza na lipi linaigiza kucheza. Ningependa kumpeleka Ilongero akafumbe macho mbele ya turubai lile.

Matokeo yaliposomwa kikundi chetu kilipata nafasi ya pili, na ya pili ilitosha kwenda mkoani. Nilimwendea mmoja wa waamuzi, mwalimu mstaafu mwenye koti la kijivu na sauti ya chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunikaribisha kukaa. Nikamuuliza, kwa upole niliokuwa nao, kwa nini Wanyaturu waje kwao wafungue kwa ngoma ya Wamakonde.

"Sindimba kila mwamuzi anaijua," alisema. "Ukienda mkoani na ngoma ambayo mwamuzi hajapata kuiona, atakuandikia nini kwenye safu ya miondoko? Ataandika sifuri, au ataandika huruma."

Nilikuwa na jibu la hilo, lakini hakuningojea. "Na pili, ndugu yangu, ngoma za kina mama zetu nyingi si za uwanjani. Wewe umetoka Zanzibar. Nadhani hili hatuhitaji kufundishana."

Nilinyamaza, maana tahakiki niliyokuwa nimekwisha kuiandika kichwani ilipasuka pale pale. Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi, wana mila ya wanawake iitwayo imaa, ambayo ina nyimbo na michezo yake na ambayo mwanamume hana ruhusa ya kuikaribia. Harold Schneider aliyefanya utafiti kwao, na Marguerite Jellicoe ambaye kitabu chake juu ya sehemu ya Wahi kilitoka mwaka 1978, wote wameigusa katika maandiko yao. Yaliyoandikwa sitayarudia hapa. Mwenye kiu anajua njia ya maktaba. Itoshe kusema kuwa nilikuwa nimekaa bencini nikiwahesabia umaskini watu ambao huenda walikuwa na utajiri waliouamua kuufungia ndani. Nilidhani wameazima nguo kwa kukosa nguo, kumbe wameazima pazia.

Tena nilikuwa mtu wa mwisho mwenye udhuru wa kutolijua hilo. Hapa petu unyago ulikuwa wa chumbani na uani. Marehemu Bi Kidude, aliyetutoka mwezi wa Aprili mwaka 2013, ndiye aliyeitoa ngoma ya unyago nje, akaibana katikati ya miguu mbele ya hadhira za Ulaya na mbele ya wanaume wa Ngome Kongwe, na dunia ikamshangilia, na wako wanawake wa Unguja ambao mpaka leo hawajamsamehe. Mimi ni katika waliomshangilia. Nikiulizwa kama nilikuwa na haki ya kuisikia ngoma ile, sina jibu ninaloliamini.

Lakini hoja ya Mwalimu, kwa nguvu yake yote, ina tundu, na tundu hilo limekaa katikati kabisa ya sindimba. Ngoma hii kwa Wamakonde inafungamana na jando na unyago. Nayo ilikuwa na wakati wake na watu wake. Ilitokaje ikafika kila shule na kila jukwaa? Mwaka 1962 iliundwa wizara ya utamaduni na vijana, mwaka 1963 kikaanzishwa Kikosi cha Ngoma za Taifa, na ngoma zikakusanywa kutoka huku na kule, zikafupishwa, zikapangwa safu, zikachezwa mbele ya wageni wa serikali. Kikosi kile kilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, kilirithi kazi ya kufundisha, na waliofunzwa wakasambaa nchini na ngoma hizohizo mikononi. Sindimba ilipendwa kuliko zote kwa sababu ya kile kiuno, na ililaumiwa kuliko zote kwa sababu hiyohiyo. Basi Ilongero inapowastiri kina mama wake kwa kuvaa sindimba, inawastiri kwa kanga ya mama wa mtu mwingine. Mmakonde naye alikuwa na mlango. Sijui ni nani aliyebisha hodi kabla ya kuufungua. Nilimwambia Mwalimu hivyo, kwa maneno yenye adabu zaidi. Alifikiri kidogo, akasema kuwa hilo hakupata kulitazama kwa upande huo, kisha akasema kuwa hata hivyo safu za karatasi hakuzichora yeye.

Ndiyo maana nauona ule wimbo wa kupura kuwa ndio uliokuwa na thamani kuliko yote niliyoyaona siku ile. Hauna siri ya kuvunja. Kupura hufanywa mchana, nje, mbele ya wapita njia, mbele ya wanaume wanaoumwa mikono. Ni wao kwa haki, na mgeni anaweza kuusikia bila kumwibia mtu. Tena ndani yake mna ufundi ambao safu tano za karatasi hazina mahali pa kuuandika: ule mwachano wa sauti na pigo, ule ulinzi wa macho baina ya safu mbili, lile tishio dogo la fimbo. Unahitaji mambo mawili tu, nafaka na ardhi. Wangemwaga debe moja la uwele juu ya uwanja uliofagiwa, wakamnyamazisha yule kijana wa ngoma kubwa, na wakasimama duara badala ya safu, waamuzi wangelazimika kuinuka vitini wakasogea, kama tulivyosogea sisi wengine.

Kabla ya kuondoka nilimtafuta kiongozi wa kikundi, mama wa makamo ambaye ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Alikuwa akikusanya njuga ndani ya gunia. Nilimpa pongezi, akazipokea. Nikamuuliza watakwenda mkoani na kipi. Alisema wamekatwa alama kwa kuvuka muda, hivyo lazima wapunguze dakika mbili, na wamekwisha kukubaliana kuondoa ile ya kupura.

"Mama," nikamwambia, "kama ni kupunguza, si muondoe sindimba?"

Alicheka kwa muda, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Mwalimu, sindimba ndiyo iliyotupa alama. Nauli ya watu 16 mpaka mjini, tukirudi mikono mitupu, utalipa wewe?"

Sikuwa na la kumjibu, na nauli yenyewe sikuwa nayo. Mwenye turubai alikuwa amekwisha kufika. Alilikunjua lote tena pale uwanjani, akawa analikagua pembe kwa pembe, akiliinua juu kulitazama kwa mwanga wa jua la magharibi kama lina tundu.